Adrian Atiman: mtoto aliyeuzwa utumwani, tabibu wa Karema



Kila mwaka mwezi wa Desemba unapokaribia, barabara za kuja Moshi hujaa magari ya watoto wa mlima wanaorudi nyumbani. Kila mmoja ana kihamba chake cha kurudi, hata kama ni kipande kidogo tu cha migomba na kahawa kando ya mfereji, na humo yamo makaburi ya wazee wake na masale yaliyopandwa kuyazunguka. Mtu wa Kilema, wa Kibosho au wa Rombo aweza kuishi miaka arobaini ugenini, lakini anajua mahali atakapozikwa. Tuliwaza juu ya desturi hii tulipokuwa tukirejea maisha ya mtu mmoja aliyenyang'anywa kihamba chake akiwa mtoto mdogo, asirudi tena kuishi kwao, na ambaye hata hivyo alikuwa tabibu wa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miaka 67. Jina lake ni Adrian Atiman.

Tunayo sababu ya kumkumbuka wakati huu. Katika parokia zetu wapo vijana, hasa wasichana, ambao wakimaliza kidato cha sita husema wanataka kusomea saikolojia, unasihi au uuguzi. Ukiwasikiliza kwa utulivu, mara nyingi utakuta nyuma ya chaguo hilo kuna kidonda: baba aliyepotelea katika pombe, mama aliyefariki mapema, kipigo au aibu iliyotendwa nyumbani na kufichwa. Vijana hao hupewa majibu ya aina mbili. Wazee wengi huwaambia wasahau yaliyopita na watafute kazi yenye mshahara. Wengine, hasa katika semina na makongamano, huwapongeza haraka mno na kuwaambia kwamba yale waliyoyapitia yanatosha kuwa elimu. Kwa maoni yetu majibu yote mawili yana upungufu, nalo jibu la pili laweza kuleta hatari kubwa zaidi. Maisha ya Atiman yanatusaidia kuona kwa nini.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, wachungaji na wafanyabiashara wa jangwani ambao wakati ule walishika njia za Sahara, naye akachukuliwa kuelekea kaskazini pamoja na shehena nyingine za biashara. Kutoka ukingo wa Niger hadi nyika za Algeria ni zaidi ya kilomita 1,500 za mchanga na mawe. Mtoto aliyezoea mto mkubwa, mitumbwi na samaki alipitishwa katika nchi ambayo maji hupimwa kwa kikombe. Mwisho wa safari ile aliuzwa.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa kuwa ni rahisi kulitamka neno utumwa bila kuona ndani yake. Mtumwa anapouzwa sokoni, mwili wake hukaguliwa. Mnunuzi hutazama meno, huminya misuli, huamuru mtu atembee, ainame, akohoe, ili ajue kama ana ugonjwa uliofichwa. Hukagua yale yale anayokagua tabibu, lakini kwa nia ya kujua bei. Mtoto aliyewahi kuguswa namna ile hujifunza mapema kwamba mkono wa mtu mzima haumtakii mema. Wataalamu wa nafsi hutumia neno kiwewe kwa jeraha la namna hii, nao husema kwamba hukaa mwilini zaidi ya kukaa katika mawazo: mtu hushtuka anapoguswa, hulala kwa hofu, haamini mlango uliofungwa wala ulio wazi. Hayo yalikuwa ndiyo urithi wa mtoto wa Tundurma alipofika Algeria.

Huko walikuwako Wamisionari wa Afrika, ambao Wakristo wetu huwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 mjini Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, baada ya njaa kubwa na magonjwa yaliyoacha yatima wengi katika nchi ile. Mapadre walimkomboa Atiman kwa kulipa fedha, kama walivyowakomboa watoto wengine weusi waliovushwa jangwa. Alipewa chakula, mahali pa kulala, shule, na baadaye ubatizo.

Hatutaki kupamba mambo. Mtoto aliyekombolewa kwa fedha alikuwa huru, lakini hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua njia yake. Waliomkomboa walikuwa na mipango, nayo mipango hiyo ilimwingiza hata yeye. Zaidi ya hayo, njia ya kurudi Niger ilikuwa imefungwa kwa damu: mwaka 1876 mapadre watatu waliotaka kufika Timbuktu waliuawa jangwani, na mwaka 1881 wengine watatu wakauawa vivyo hivyo. Hata kama mtu angependa kumrudisha mtoto yule kwa mama yake, hapakuwa na msafara wa kuaminika wa kumkabidhi.

Lavigerie, aliyeteuliwa kuwa Kardinali mwaka 1882, alikuwa na wazo ambalo kwa wakati wake lilikuwa geni. Aliona kwamba wageni peke yao hawataigeuza Afrika, na kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaowainjilisha na kuwahudumia Waafrika. Lakini hakutaka vijana hao wageuzwe kuwa Wazungu. Alisisitiza waendelee na maisha ya Kiafrika katika chakula, mavazi na lugha, waoe na kuwa na familia, ila wawe na taaluma ambayo kila mtu anaihitaji na kuiheshimu. Taaluma aliyoichagua ni utabibu. Ndivyo alivyozaliwa daktari-katekista, mtu anayetibu mwili na kufundisha imani katika kijiji kimoja. Mwaka 1881 alifungua nyumba ya malezi katika kisiwa cha Malta, na vijana waliokombolewa utumwani wakapelekwa huko wasome. Atiman alikuwa mmoja wao.

Kipindi cha Malta ndicho tunachopenda wasomaji wetu vijana wakitafakari zaidi, ijapokuwa waandishi wengi hukipita kwa sentensi moja. Kijana yule hakutolewa sokoni leo na kesho akakabidhiwa wagonjwa. Kati ya jeraha lake na mgonjwa wake wa kwanza palikaa miaka mingi: kwanza miaka ya kula, kulala na kusoma kama mtoto mwingine yeyote, kisha miaka ya darasani na hospitalini hadi 1888. Alijifunza lugha za wageni, alijifunza mifupa na mishipa, alijifunza dawa na vipimo vyake. Alisoma pamoja na vijana wenzake waliokuwa na historia kama yake, wote wakiwa wametekwa na wote wakiwa wamevuka jangwa, na kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake sana. Sisi tunaamini kwamba hili nalo lilikuwa tiba. Leo wanasihi hulipa jina na kulipangia vikao, lakini shinani ni jambo la kawaida: mtu hupona akiwa mahali salama, pamoja na watu wanaomwamini bila kumhoji, akiwa na kazi ya kila siku inayoishughulisha mikono yake.

Mwaka 1888 ulikuwa wa pekee katika mapambano dhidi ya biashara ya watumwa. Mwezi wa Mei Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake kwa maaskofu wa Brazil kuhusu kukomeshwa kwa utumwa, na Kardinali Lavigerie akaanza kuzunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya misafara ya watumwa katika Afrika ya kati. Mwaka huo huo Atiman, akiwa na umri wa miaka kama 22, alianza safari pamoja na wamisionari kuelekea Afrika Mashariki, kwenye vituo vya Ziwa Tanganyika.

Safari ile ilikuwa ya miguu, miezi kadhaa kutoka pwani hadi ziwani, zaidi ya kilomita 900 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Pwani ilikuwa imechafuka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Barabara ya misafara ndiyo iliyokuwa ikishusha pembe za ndovu na watumwa kwenda Bagamoyo na Zanzibar. Kwa mara ya pili katika maisha yake Atiman alikuwa katika msafara mrefu unaokwenda mahali asipopajua, na kwa mara ya pili alikanyaga njia zilizotengenezwa kwa nyayo za watu waliofungwa. Tofauti ni kwamba safari hii alibeba sanduku la dawa, na kwamba wao waliokuwa katika minyororo walikuwa wakielekea upande aliotoka yeye.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema ilianza kama ngome ya chama cha Wabelgiji mwaka 1879, kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Palikuwa mahali pa hofu na pa makimbilio kwa wakati mmoja. Wamisionari waliwakomboa watoto na wanawake kutoka katika misafara, wakawapa makazi karibu na misheni, na hivyo vijiji vya Kikristo vikaota kandokando ya ngome. Sisi wa mlimani tunaweza kuelewa picha hii. Katika karne ile ile vita vya watemi wa Kilimanjaro viliwatoa mateka waliouzwa kwa misafara ya pwani, na mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Kilema mnamo 1890 na baadaye Kibosho mwaka 1893, walisaidiwa na Wakristo kutoka Bagamoyo, misheni iliyojengwa na waliokombolewa utumwani. Imani yetu ya Kikatoliki hapa Moshi ilipokelewa kwa sehemu kutoka mikononi mwa watu waliowahi kuuzwa. Ni jambo ambalo hatulisemi mara nyingi kanisani.

Basi mgeni huyu kutoka Niger akaanza kutibu. Wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wale wale ambao historia yao ilifanana na yake: watoto waliokombolewa, wenye makovu ya kamba, wenye vidonda vya miguu kutokana na mwendo, wenye njaa iliyowafanya wasiweze hata kulia. Aliyewakagua alikuwa mtu aliyewahi kukaguliwa. Aliyeinua mkono wa mtoto na kutazama meno yake hakuwa akitafuta bei. Sisi tunadhani mtoto hutambua jambo hili hata kabla ya kuelewa lugha. Yapo mambo ambayo tabibu hujifunza darasani, nayo ni mengi, na Atiman alijifunza. Lakini namna ya kumkaribia mtu anayeogopa kuguswa ni elimu nyingine, na yeye alikuja nayo kutoka utotoni, ikiwa imesafishwa na miaka ya amani.

Alioa mwenyeji wa huko, Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Katika maandiko ya kimisionari ndoa hii hutajwa kwa haraka, na sisi tunaona kwamba ingestahili kurasa nyingi. Mtu asiye na ukoo alipata ukoo. Mtu ambaye hakuna aliyejua baba yake alipata baba mkwe, mashemeji na wajibu wa kifamilia. Kwa Waafrika tabibu asiye na watu wake ni mgeni tu mwenye dawa. Tabibu aliye mkwe wa mtemi ni mtu wa nyumbani ambaye waweza kumgongea usiku. Mwana wao Yosefu aliitikia wito wa upadre na kupewa Daraja Takatifu, hivyo mjukuu wa mtemi wa Wabende na wa familia ya Niger iliyonyang'anywa mtoto wake akasimama altareni katika nchi yetu.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Ndui na malaria vilikuwepo siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na Serikali ya Wajerumani ikaweka vituo vya kupambana nao na kuhamisha vijiji. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wakachukuliwa kwa maelfu katika nchi nzima, na mwishoni mwa vita homa ya mafua makali ikapita duniani kote na kuwafagia walionusurika. Watawala walibadilika, Mjerumani akaondoka na Mwingereza akaingia. Tabibu wa Karema alibaki. Vijana wenzake wengi waliotoka Malta hawakudumu katika kazi. Wengine walikufa mapema, wengine walikwenda njia nyingine, na mpango wenyewe wa madaktari-makatekista haukuendelea kama Kardinali alivyotumaini. Hatuoni sababu ya kuwahukumu. Jeraha moja halizai matunda yale yale kwa kila mtu.

Jambo moja twataka lisipite bila kutajwa. Utumwa haukukomeshwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba kwa miaka 33 tangu afike Karema, Atiman aliishi na kutibu katika nchi ambamo mtu bado aliweza kumilikiwa na mwingine. Hakuwa mtu aliyeponywa kwanza kisha akaenda kuishi mbali na kilichomjeruhi. Aliishi karibu nacho. Kila aliyekombolewa na kuletwa kwenye baraza yake alimkumbusha. Ni rahisi kufikiri kwamba mtu aliyeumizwa hutafuta kazi ya kuponya ili asahau. Kwa Atiman kazi yenyewe ilikuwa kumbukumbu ya kila siku.

Aliweza kubeba kumbukumbu hiyo kwa namna gani bila kuvunjika? Twaweza kujibu kwa sehemu tu, kwa kutazama ratiba ya maisha yake. Alikuwa na Misa na sala za kila siku. Alikuwa na mke na mwana. Alikuwa katekista pia, yaani hakukutana na watu wakati wa ugonjwa tu, bali katika mafundisho na furaha za Kanisa, na kwa waliokuwa wakifa alikuwa mara nyingi ndiye aliyekaa nao mpaka mwisho. Na alikaa mahali pamoja. Hili la mwisho ni kubwa. Mtoto ambaye aling'olewa aliamua, alipokuwa mtu mzima, kutong'oka tena.

Tena hakuwa mtu wa kunyamaza daima. Mwaka 1946, akiwa na miaka kama 80, masimulizi yake juu ya maisha yake mwenyewe yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mzee yule aliweza bado kutaja kijiji chake na mto wake. Hapo tunamkumbuka dada yake katika mateso, Mtakatifu Josephine Bakhita, aliyezaliwa Darfur karibu miaka ile ile na kutekwa akiwa mdogo kama yeye. Bakhita aliteswa kiasi cha kusahau jina alilopewa na wazazi wake. Hili la Bakhita alipewa na watekaji. Atiman alikumbuka Tundurma. Watoto wawili wa Afrika, wote walitekwa, mmoja kumbukumbu yake ilifutwa na mwingine ikabaki, na wote wawili wakaishia kuwahudumia wengine kwa upole uliowashangaza waliowaona. Tunaona hapa onyo kwa wanaotaka kuweka kanuni moja ya namna moyo unavyopona.

Wasomaji wetu waliosomea saikolojia watakuwa wamekwisha kulifikiria jina ambalo taaluma yao huwapa watu kama hawa: mponyaji aliyejeruhiwa. Carl Jung wa Uswisi ndiye aliyelieneza wazo hilo miongoni mwa madaktari wa nafsi, na mwaka 1972 Padre Henri Nouwen wa Uholanzi, aliyekuwa pia amesomea saikolojia, aliandika kitabu chenye jina hilo kwa ajili ya wahudumu wa Kanisa. Nouwen alikuwa mwangalifu kuliko wengi wanaomtaja. Alionya kwamba mhudumu hapaswi kumwonyesha mgonjwa vidonda vyake ili ahurumiwe au aonekane wa kweli. Kidonda kinapaswa kwanza kihudumiwe, kieleweke, ndipo kiwe mlango wa kumpokea mwingine.

Hapa ndipo tunaporudi kwa binti wa mlimani mwenye barua ya kujiunga na chuo. Tunamwambia mzazi wake kwamba si kweli kuwa mtoto huyu atasahau akilazimishwa kusomea biashara. Atalibeba jeraha lake hadi benki kama ambavyo angelibeba hadi hospitalini. Na kwake yeye mwenyewe tunasema jambo gumu zaidi. Uchungu wake ni wa kweli, nao waweza kumfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, lakini bado haujawa ujuzi. Mtu anayemhudumia mwenye kiwewe huku chake kikiwa bado kinavuja hujikuta akimwona mgonjwa kama kioo. Humtibu ili ajitibu. Humshauri yale ambayo yeye mwenyewe alitamani kuambiwa, hukasirika mgonjwa asipopona upesi, na baada ya miaka michache huchoka na kuiacha kazi akiwa na uchungu maradufu. Tumewaona wahudumu wa namna hii, hata miongoni mwetu sisi tunaofanya kazi katika Kanisa, na twakiri kwamba mara nyingi hakuna aliyewauliza kama wamelala vizuri.

Atiman hakupitia njia ya mkato. Alikombolewa na mtu mwingine, hakujikomboa mwenyewe. Kisha alipewa muda. Kisha alifundishwa na kusahihishwa, akakosea mbele ya walimu kabla ya kukosea mbele ya wagonjwa. Kisha alipewa nyumba na mke na watu. Ukiondoa kimojawapo, huenda tungebaki na mtumwa wa zamani mwenye hasira halali, au na msomi wa Malta asiyejua aende wapi. Tunayasema haya pia kwa ajili ya viongozi wa parokia na jumuiya ndogondogo. Mara nyingine tunapoona kijana aliyepitia makubwa humkabidhi haraka kikundi cha kuongoza, humwita kutoa ushuhuda kila kongamano, na hatujui kwamba tunamkagua tena sokoni, safari hii kwa makofi. Ushuhuda unaotolewa kabla ya wakati wake hurudisha damu kwenye kovu.

Kristo mfufuka alipowatokea wanafunzi wake hakuwa ameondoa alama za misumari. Tomaso alialikwa kuzigusa. Lakini zilikuwa alama katika mwili uliokwisha kushinda mauti. Mababa wa Kanisa waliwahi kujiuliza kwa nini mwili mtukufu ubaki na makovu, nao walijibu kwa namna nyingi. Kwa mtu aliyefanya kazi kati ya waliojeruhiwa huenda swali hili si gumu sana, kwa kuwa wagonjwa hupenda kujua kama mkono unaowagusa umewahi kuumia, na vile vile kama sasa umepona.

Atiman alizeeka Karema. Akiwa mzee alipokea nishani na heshima, naye aliendelea kuonekana misheni akiwa na ndevu nyeupe, mtu ambaye vizazi vitatu vya wakazi wa ziwani vilizaliwa na kukua wakimkuta. Ziwa lenyewe lilikuwa limejisogeza nyuma, ile ngome iliyokuwa ukingoni ikabaki mbali na maji, na vitukuu vya watu aliowatibu mwaka wa kwanza walikuja kubatizwa katika kanisa lile lile. Alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na Karema ndiko aliko kaburini.

Mjini Dar es Salaam ipo nyumba ya Wamisionari wa Afrika iitwayo Atiman, na mjini Sumbawanga ipo hospitali ya Kanisa yenye jina la Dr. Atiman. Kila asubuhi akina mama wa Ufipa hupanga foleni mbele ya dirisha la mapokezi wakiwa na watoto mgongoni, na jina lile la Niger limeandikwa kwenye kadi walizoshika mkononi.